Dawa ya Shinikizo la Damu Haina Siku ya Kumaliza Dozi

Kwa miongo kadhaa wahudumu wa afya nchini wamewafundisha wananchi somo moja kwa bidii kubwa: maliza dozi. Somo hilo limeeleweka. Mama anayempa mtoto dawa mseto ya malaria anajua kwamba hata homa ikishuka siku ya pili, vidonge vya siku ya tatu havina budi kumezwa. Mgonjwa wa kifua kikuu huhesabu miezi yake 6, na akiimaliza na makohozi yakaonekana safi, huambiwa amepona. Ni somo jema na limeokoa maisha ya watu wengi. Lakini somo hilohilo likihamishiwa kwenye shinikizo la juu la damu, ambalo wengi tunaliita presha, hugeuka kuwa mtego, na mtego huo ni mojawapo ya njia zinazowafikisha watu kwenye kiharusi.

Tuchukue mfano. Mtu wa miaka 48 anakwenda zahanati kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Anapimwa na presha yake inakutwa 172/104. Anapimwa tena siku nyingine, hali ni ileile, anaandikiwa vidonge vya siku 30. Anavimeza vyote kwa uaminifu, anarudi, anapimwa: 130/82. Mhudumu anafurahi na kumwambia, "Sasa presha yako iko sawa." Mgonjwa anasikia kile alichozoea kukisikia maisha yake yote, yaani amemaliza dozi na amepona. Anaenda zake. Miaka mitatu baadaye analetwa hospitali akiwa amepooza upande wa kulia, hawezi kutamka jina la mkewe, na ndugu zake wanaeleza, "Alikuwa na presha zamani, lakini ilishapona."

Sisi tunaohudumia wagonjwa wa kiharusi tumeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno. Mgonjwa huyo hakuwa mkaidi, wala hakudanganywa na mtu. Alifuata somo alilofundishwa kwa ugonjwa mwingine. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hatutapunguza kiharusi kwa kiasi kikubwa mpaka tuache kuitibu presha kama malaria, na tuanze kuitibu kama tulivyojifunza kutibu maambukizi ya VVU: kwa kadi, kwa tarehe ya kurudi, kwa kumtafuta asiyerudi, na kwa lugha isiyomwahidi mgonjwa mwisho ambao haupo.

Jinsi presha inavyoufikia ubongo

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapopoteza ghafla mtiririko wake wa damu. Zipo aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza mshipa huziba, ama kwa bonge la damu lililosafiri kutoka kwenye moyo au mishipa ya shingo, ama kwa sababu mshipa wenyewe umefinyika. Katika aina ya pili mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Aina ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi duniani. Hata hivyo, katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara fungu la aina ya pili ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya au Amerika Kaskazini, na hiyo ndiyo inayoua zaidi katika siku za mwanzo.

Presha inahusika na aina zote mbili. Mishipa midogo inayolisha sehemu za ndani za ubongo huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye mishipa mikubwa, kwa hiyo hupokea msukumo wa damu ukiwa bado na nguvu. Msukumo huo ukizidi kwa miaka, kuta za mishipa hiyo huwa nene na ngumu, tundu la kupitisha damu hupungua, na mahali pengine ukuta hudhoofika. Mwishowe mshipa huziba au hupasuka. Uharibifu huu wote hutokea bila maumivu. Ndiyo maana mtu mwenye presha ya 180/110 anaweza kulima, kufundisha darasani au kuendesha daladala kutwa nzima asihisi lolote. Kuumwa kichwa si kipimo cha presha, na kutokuumwa kichwa si ushahidi kwamba presha iko sawa.

Utafiti wa kimataifa uitwao INTERSTROKE, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha nchi 32, zikiwemo Uganda na Msumbiji, ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi inahusishwa na mambo 10 yanayoweza kurekebishwa. Mambo hayo ni presha, uvutaji wa tumbaku, kisukari, kutoushughulisha mwili, lishe duni, unene wa kiunoni, mafuta mabaya katika damu, pombe, msongo wa mawazo na magonjwa ya moyo. Presha ndiyo iliyoongoza. Habari njema ni kwamba uchambuzi wa majaribio mengi ya tiba umeonyesha kuwa kuishusha presha ya juu kwa vizio 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban robo. Ni dawa chache sana tulizonazo zinazoweza kujivunia faida kubwa kiasi hicho kwa bei ndogo kiasi hicho.

Hali ya nyumbani

Hatuhitaji kuazima takwimu za ng'ambo ili kuuona uzito wa jambo hili. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa duniani wakati huo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza nao ulikuta kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha.

Takwimu inayonisumbua zaidi ni ya zamani kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika pia Dar es Salaam na Hai, uliwachunguza watu wenye presha na kuuliza maswali matatu: nani anajua kuwa anayo, nani anatumia dawa, na nani presha yake imedhibitiwa. Waliojua walikuwa pungufu ya 1 kati ya 5. Waliotumia dawa walikuwa takriban 1 kati ya 10. Waliodhibitiwa hawakufika 1 kati ya 100. Tangu wakati huo upimaji umeongezeka sana, lakini tafiti za baadaye zimeendelea kuonyesha ngazi hiyohiyo: wengi wanaojua hawatumii dawa, na wengi wanaotumia hawajafikia lengo.

Juhudi zetu nyingi zimeelekezwa kwenye swali la kwanza. Tunaweka mahema viwanjani, tunapima mamia ya watu kwa siku moja, tunapiga picha na kufunga mahema. Kupima ni jambo jema. Lakini kumwambia mtu kuwa presha yake ni 180/110 na kumwacha bila kadi wala mahali pa kurudi ni kumpa hofu bila tiba. Watu wengi hupotea kati ya swali la kwanza na la tatu, na huko ndiko kiharusi kinakowakuta.

Somo ambalo tayari tunalijua

Nchi yetu ilipoanza mpango wa taifa wa tiba ya VVU mwaka 2004, wapo walimwengu waliokuwa wamedai hadharani kwamba Waafrika hawataweza kumeza dawa kila siku kwa maisha yao yote. Historia imewakanusha. Wakulima, wavuvi, mama ntilie na watumishi wa ofisini wamemeza dawa hizo kwa miaka 15 na 20, na wako hai, wanalea wajukuu.

Mafanikio hayo yalitokana na mengi zaidi ya dawa yenyewe. Mgonjwa alipewa ushauri kabla ya kuanza, akaelezwa wazi kwamba safari hii haina kituo cha mwisho. Alipewa kadi yenye namba yake na tarehe ya kurudi. Asipofika, kulikuwa na mtu wa kumpigia simu au kumfuata nyumbani, mara nyingi mtu anayeishi na hali kama yake. Hali yake ilipotengemaa, alipewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja ili asichoshwe na foleni. Tukapata hata neno. Hatukusema dawa hizo zinaponya, tulisema zinafubaza. Neno hilo moja limefanya kazi ya mahubiri elfu, kwa sababu kila alisikiaye anaelewa kwamba kilichofubazwa bado kipo, na mkono ukiachiwa kitaamka.

Presha inastahili neno lake, nalo tunalo: kudhibitiwa. Badala ya kumwambia mgonjwa "presha yako iko sawa," tumwambie "dawa imeidhibiti presha yako, ukiiacha itapanda tena." Presha hurudi baada ya siku au wiki kadhaa, kutegemea dawa iliyokuwa ikitumika, na hurudi kimyakimya. Ni kweli kwamba wapo wanaopunguziwa dawa baada ya kupunguza uzito na chumvi, na wapo akina mama ambao presha ya ujauzito huondoka baada ya kujifungua. Hata hao uamuzi hufanywa kliniki, kwa vipimo, si nyumbani kwa kuangalia chupa tupu.

Pingamizi za haki

Najua nitakavyojibiwa. Dawa za VVU hutolewa bure kwa msaada mkubwa wa wafadhili, ilhali mgonjwa wa presha hununua zake. Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Mtu anayechagua kati ya vidonge na unga wa watoto atachagua unga. Kwa sababu hiyo utekelezaji wa sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 lazima uhakikishe kwamba dawa za msingi za presha zinapatikana kuanzia zahanati, na msamaha kwa wazee wasiojiweza uwe wa kweli dirishani, usiishie kwenye tangazo la ukutani. Lakini tukumbuke pia kwamba dawa hizi hazina tena haki miliki na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Gharama ya familia inayomhudumia mtu aliyepooza, pamoja na kipato kilichokatika na binti aliyeacha masomo ili amgeuze baba kitandani, haiwezi kulinganishwa na gharama ya kidonge. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Zaidi ya hayo, mengi ninayoyaomba hayadai fedha za wafadhili. Kadi, daftari la tarehe, simu moja kwa asiyerudi na sentensi iliyonyooka viko ndani ya uwezo wa zahanati nyingi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wagonjwa: "Nikianza nitakuwa mtumwa wa dawa." Wengine wanahofia nguvu za kiume, wengine wamevimba miguu au wamepata kikohozi kikavu. Malalamiko haya hayapaswi kukemewa. Amlodipini kweli huweza kuvimbisha miguu. Enalaprili huweza kuleta kikohozi. Baadhi ya dawa huweza kupunguza uwezo wa tendo la ndoa, ingawa presha isiyotibiwa nayo huleta tatizo hilohilo. Jibu ni kubadilisha dawa, na dawa za kubadilishia zipo. Mgonjwa asipopata nafasi ya kuyasema haya mbele ya mhudumu, ataamua peke yake kwa kuacha. Kitunguu saumu na rozela ni vyakula na vinywaji vizuri, lakini visishike nafasi ya kidonge.

Kwa wahudumu wenzangu

Kwanza, tupime vizuri. Mgonjwa apumzike kwa dakika 5, akae akiegemea, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze. Awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Tupime mara mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo.

Pili, tusiishushe presha kwa papara. Mtu aliyekutwa na presha ya juu bila dalili zozote za hatari hahitaji kuteremshwa ndani ya saa moja. Kuweka nifedipini ya kutenda haraka chini ya ulimi kunaweza kuidondosha presha ghafla na kusababisha kiharusi kilekile tunachokikimbia.

Tatu, tuweke lengo na tulitaje. Kwa walio wengi lengo ni chini ya 140/90, na kwa wenye kisukari, ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi hulenga chini zaidi. Presha isiposhuka kwa dawa moja, tuongeze ya pili badala ya kuandika "endelea" mwezi hadi mwezi. Watu wengi huhitaji dawa mbili au zaidi.

Nne, kila anayeishi na VVU, kila mwenye kisukari na kila mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake apimwe presha anapokuja kliniki, kwa kuwa wote hao wana hatari kubwa zaidi ya kiharusi. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yakigunduliwa, apewe rufaa, kwani bonge la damu hutengenezwa humo. Watoto wenye selimundu nao wanaweza kupata kiharusi wakiwa wadogo. Wafuatiliwe katika kliniki zao, na dawa ya haidroksiyurea isikatizwe pale ilipoanzishwa.

Kwako msomaji unayeishi na presha

Jua namba zako kama unavyojua namba yako ya simu. Meza dawa wakati uleule kila siku, ukiifungamanisha na jambo usiloliacha, kama vile chai ya asubuhi au swala. Nenda kuchukua dawa nyingine zikiwa zimebaki za wiki moja, si siku zinapokwisha. Ukisafiri kwenda msibani au shambani, dawa zitangulie kwenye begi. Mtu mmoja nyumbani ajue dawa zako na tarehe yako ya kurudi. Usimpe jirani dawa yako, wala usichukue yake.

Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumlisha ile iliyo ndani ya chakula. Ondoa chumvi mezani, punguza vidonge vya kukolezea mchuzi, na kula ng'onda mara chache. Acha tumbaku ya kila namna. Pombe iwe kidogo sana, au isiwepo kabisa. Tembea kwa mwendo wa haraka angalau dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Usianze kumeza aspirini kila siku kwa ushauri wa jirani, kwani katika mwili wenye presha isiyodhibitiwa inaweza kuongeza hatari ya damu kuvuja kichwani.

Pamoja na tahadhari zote, dalili za kiharusi zijulikane na kila mtu nyumbani: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, maneno kukwama au kuvurugika. Wapo wanaodhani ni upepo mbaya au mkono wa mtu na kuanzia kwa mganga. Saa zinazopotea huko hazirudi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale ilipo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT-Scan kuthibitisha kwamba damu haijavuja. Mpeleke hospitali mara moja, kumbuka saa dalili zilipoanza, na usimpe chakula, maji wala vidonge, maana huenda akapaliwa. Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, bado mpeleke siku hiyohiyo. Hilo ni onyo kwamba kikubwa kinaweza kuwa njiani.

Naomba basi tukubaliane jambo dogo linalowezekana kuanzia kliniki ya kesho. Mhudumu anapomkabidhi mtu vidonge vya presha kwa mara ya kwanza, amwambie mambo matatu: dawa hii huidhibiti presha wala haiiondoi, vidonge hivi vikikaribia kwisha, njoo uchukue vingine, na tarehe yako ya kurudi ni hii hapa kwenye kadi. Naye mgonjwa asiyeambiwa hivyo asiondoke dirishani kabla hajauliza, "Nirudi lini?"